Aliyejitambulisha Kuwa ni Benki: Amana ya Msikiti na Siku Nane za Ukimya

WIKI hii tumeona tuwaletee wasomaji wa kurasa za familia jambo lililotufika sisi wenyewe, wana kamati ya msikiti, nalo ni utapeli wa watu wanaopiga simu na kujifanya maofisa wa benki. Tutalieleza bila kulipamba na bila kulificha, kwa sababu kulificha ndiko kulikotugharimu zaidi.

Msikiti wetu uko katika mji mdogo wa biashara, upande wa njia inayotoka Kahama kuelekea Geita. Waumini wake ni wachimbaji wadogo, wenye makarasha, akina mama wanaouza chakula karibu na mialo ya kuoshea dhahabu, wakulima wa mpunga na pamba, na wenye maduka ya vifaa. Tulikuwa tunachangishana ili tubadilishe paa lililochakaa, ambalo kila masika lilituhamisha safu mbili za nyuma. Mchango ulikuja kama riziki ya ukanda wetu inavyokuja: mtu analeta shilingi 2,000 Ijumaa hii, hana kitu Ijumaa ijayo, kisha duara likitema analeta 50,000 mkononi kabla hajabadili hata nguo za kazi. Hivyo ndivyo zilivyopatikana shilingi 1,846,500.

Fedha hizo tulimkabidhi mweka hazina wetu, mzee aliyepita miaka sitini, ambaye kwa zaidi ya miaka kumi hakuwahi kupungukiwa hata shilingi mia ya msikiti. Zilikuwa benki, katika akaunti ya msikiti. Lakini sisi wana kamati, kwa kupenda urahisi, tulikubaliana akaunti hiyo iunganishwe na simu yake peke yake ili aone mchango unapoingia. Hilo tulifanya wote, wala hakuna aliyepinga.

Simu ya Alhamisi

Siku ya Alhamisi, baada ya swala ya Adhuhuri, mzee akiwa amekaa barazani kwake, simu iliita.

"Assalamu alaykum, mzee wangu. Naongea na mweka hazina wa msikiti?"

"Wa alaykumus salaam. Ndiye mimi."

"Shikamoo, baba. Nakupigia kutoka benki, makao makuu, kitengo cha usalama. Kuna mtu anajaribu kuzitoa fedha za paa la msikiti muda huu. Ni zaidi ya milioni moja na laki nane, sivyo? Tumemzuia kwa dakika chache tu. Tusipopata uhakiki wako, zitaondoka."

Mzee anasimulia kwamba moyo ulimruka. Mtu yule alimjua kwa jina, aliujua msikiti, alijua fedha ni za paa, na alikijua kiasi chenyewe. Aliongea Kiswahili kizuri, kwa adabu, kama kijana aliyelelewa vyema. Kisha akaongeza maneno ambayo baadaye tulitambua kuwa yalikuwa sumu kuliko yote: "Baba, tafadhali usimweleze mtu yeyote kwa sasa, hata wenzako wa kamati. Tunachunguza kama mhusika yumo humo humo."

Ujumbe mfupi ukaingia, wenye tarakimu sita. Miwani ya mzee ilikuwa chumbani. Akamwita mjukuu wake wa darasa la sita, akamwambia, "Nisomee hizo namba." Mtoto akazisoma, babu akazirudia simuni. Chini ya tarakimu zile palikuwa na onyo la benki lenyewe, kwamba zisitajwe kwa mtu yeyote. Mtoto hakuulizwa asome mstari huo, naye hakuusoma. Mwisho yule mpigaji akamwomba mzee ataje na namba yake ya siri "ili mfumo uifute na kumpa mpya". Naye akaitaja.

Simu ilikatika. Muda mfupi baadaye fedha zote zilikuwa zimeondoka.

Siku nane

Kosa la mzee lilichukua dakika saba. Lililofuata lilichukua siku nane, na hilo ndilo tunaloomba kila familia ilitafakari.

Siku ya kwanza alinyamaza kwa sababu aliambiwa anyamaze. Siku ya pili alitambua ukweli, akanyamaza kwa sababu ya aibu. Alijua watu watasema nini: kwamba mzee amezila fedha za msikiti, na sasa anasingizia simu. Kuanzia siku ya tatu alianza kumtafuta mnunuzi wa ng'ombe wake wawili, ili arudishe fedha kimya kimya kabla hatujaziulizia. Alikuwa hali, na mkewe alidhani ni malaria. Sisi tuligundua Ijumaa ya wiki iliyofuata, tulipomwendea ili tukalipie mabati. Alituangalia kwa muda, kisha akasema, "Wanangu, nimeipoteza amana."

Tulikwenda naye benki. Ofisa aliyetupokea hakumkaripia. Alitufafanulia kwamba fedha zilihamishwa kwa awamu tatu kwenda kwenye laini za simu, na kutoka huko zikatolewa kwa mawakala. Akasema kwamba fedha inapokuwa bado imekaa katika laini iliyopokea, upo uwezekano wa kuomba izuiliwe. Ikishatolewa kwa wakala, imekuwa noti mfukoni mwa mtu asiyejulikana. Tulimuuliza ni muda gani hasa tulikuwa nao. Akajibu kwamba katika mambo haya huwa anahesabu dakika, na sisi tulikuwa tumemletea siku nane.

Alizijuaje habari zetu?

Tulipotoka pale, wengi wetu tulikubaliana na shaka ya yule tapeli: lazima yumo mtu wa ndani aliyetoa siri. Yalianza kutajwa majina. Kijana mmoja anayefundisha madrasa alitazamwa vibaya kwa siku mbili nzima, Allah atusamehe.

Kisha sisi tunaoandika makala haya, ambao ndio wenye jukumu la kuandika matangazo ya kamati, tukalitazama tangazo lililobandikwa ukutani karibu na mahali pa kutawadhia. Lilikuwa na jina la msikiti, kazi iliyokusudiwa, jina la benki, jina kamili la mweka hazina, namba yake ya simu ya mkononi, na kwa herufi kubwa: "HADI SASA ZIMEPATIKANA SH. 1,846,500." Tangazo hilo hilo tulikuwa tumelipiga picha na kulituma katika makundi matano ya WhatsApp, tukiwaomba ndugu walisambaze zaidi. Nao walilisambaza.

Hapakuwa na msaliti. Kila alichokijua yule mtu, tulimpa sisi kwa kalamu yetu, tukidhani tunatafuta thawabu.

Tuliyajifunza na mengine. Mtu yeyote anayeanza kukutumia fedha kwa simu huona jina lako kabla hajathibitisha muamala. Kwa hiyo mwenye namba yako ana na jina lako, na kukuita kwa jina si dalili ya kwamba anatoka benki. Akiisikia namna unavyoitika simu, anajua akusalimie vipi. Akiona jina ni Hamisi au Zainabu, anafungua kwa salamu ya Kiislamu. Salamu ni haki ya kila anayeitoa, nasi tunaijibu. Lakini haimthibitishi mtu kuwa ni mwajiriwa wa benki.

Tabayyun: mjumbe hajithibitishi mwenyewe

Katika Suratul Hujuraat, aya ya 6, Allah (SW) anawaamuru walioamini wanapojiwa na mtu mwovu kwa habari yoyote, wahakiki kwanza, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua, wakawa wenye kujuta. Wanazuoni wameliita jambo hili tabayyun. Aya hii tunaisoma mara nyingi katika khutba zinazokemea fitina na uvumi. Baada ya tukio letu tumeisoma upya, na tumeona kwamba haituelezi tu kwamba tuhakiki. Mtu mwenye akili hamuulizi mleta habari, "Je, wewe ni mkweli?" kisha akatosheka na jibu lake. Uhakiki lazima upite njia nyingine, isiyo ile iliyoileta habari.

Hapo ndipo ilipo kanuni moja inayotosha kuliko orodha ndefu za tahadhari: kata simu, kisha piga wewe mwenyewe. Usipige namba iliyokupigia, wala ile iliyoandikwa katika ujumbe uliokuogopesha. Piga namba iliyo nyuma ya kadi yako ya benki au iliyobandikwa katika tawi lako, au panda bodaboda uende tawini. Kama jambo ni la kweli, benki itakuambia na hutakuwa umepoteza kitu. Kama ni la uongo, tapeli atakuwa amepoteza windo. Kwa upande wa kampuni za simu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, imewatangazia wananchi mara nyingi kwamba namba ya huduma kwa wateja ni 100 kwa mitandao yote. Anayekupigia kwa namba ya kawaida yenye tarakimu kumi na kudai ni "mtandao", mkatie.

Zipo alama nyingine ambazo mwenye kuzijua hushtuka mapema. Ya kwanza ni haraka: "dakika mbili zilizobaki", "akaunti inafungwa sasa hivi". Ya pili ni siri: kukutenga na mkeo, mwanao, wenzako, au hata wafanyakazi wa tawi. Ya tatu ni kutaka kile ambacho benki haikihitaji kutoka kwako, yaani namba ya siri na zile tarakimu za uhakiki zinazokuja kwa ujumbe. Benki haina haja ya kukuuliza tarakimu ambazo imezituma yenyewe. Zimetumwa kwako ili ithibitike kwamba ni wewe. Ukimsomea mtu mwingine, umemthibitisha yeye kuwa ndiye wewe.

Wengine hawapigi simu, bali huandika ujumbe wenye kiungo cha kubonyeza, na ukikibonyeza unafunguka ukurasa unaofanana na wa benki kwa rangi na nembo, ukikuomba namba ya akaunti na nywila. Hila hii si ngeni duniani. Katika miaka ya 1990 huko Marekani, wezi walikuwa wakiwaandikia wateja wa kampuni ya intaneti ya America Online na kujifanya wafanyakazi wake, wakiwaomba nywila zao. Jirani zetu wa Kenya nao wamesumbuliwa kwa miaka mingi na simu za namna hii, nyingine zikihusishwa na wafungwa waliokuwa ndani ya gereza la Kamiti. Simu na kompyuta zimebadilika mara nyingi tangu wakati huo, ilhali mbinu ya kuvaa jina la anayeaminiwa imebaki vile vile.

Tuwataje pia wanaokuelekeza ubonyeze nyota na namba ndefu "ili kuhakiki laini". Zipo namba za aina hiyo, hasa zinazoanza na nyota mbili, ambazo ukizipiga simu zako zote huhamia kwa mtu mwingine. Ukishuku kwamba umefanyiwa hivyo, piga ##002# ili kuondoa uhamisho huo. Na ikiwa simu yako imepoteza mtandao ghafla, ilhali walio karibu nawe wenye mtandao huo huo wanapiga na kupokea, usisubiri hadi kesho. Huenda laini yako imesajiliwa upya mikononi mwa mwingine.

Kwa nini hapa kwetu

Tumejiuliza kwa nini watu wa Shinyanga na Geita tunawindwa. Hatusemi kwamba sisi peke yetu ndio tunaowindwa. Lakini maisha ya ukanda huu yana mlango wake. Fedha za hapa haziji kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Zinakuja kwa mkupuo: duara linapotema, marudio yanapochenjuliwa, pamba au mpunga unapolipwa. Tangu soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa mwezi Machi 2019, na masoko mengine ya madini yakafuata, biashara iliyokuwa ikifanyika gizani imeingia katika mwanga, nasi tunashukuru kwa hilo. Lakini mchimbaji ambaye jana hakuwa na akaunti, leo anashika mamilioni katika simu, na hakuna aliyemfundisha namna ya kuyalinda.

Jambo la pili ni kwamba miji kama Katoro, Nyarugusu na Kakola ni miji ya wageni. Kila mtu ametoka mahali, na kuongea na usiyemjua ndiyo kazi ya kila siku. Huko vijijini tulikotoka, ukipata taarifa ya kutisha unakwenda kwa mjomba au shangazi kuuliza. Huku machimboni mjomba yuko mbali, na aliye karibu ni huyo anayeongea katika simu.

Taarifa tatu

Ikiwa limekwishatokea, wako watakaosema, "Kimeshaondoka, kuripoti kutanisaidia nini?" Tulisema hivyo hivyo. Tumekuja kuelewa kwamba taarifa ziko tatu, na kila moja ina haki yake.

Taarifa ya kwanza ni kwa benki yako au mtandao wako wa simu, na hii ni kwa ajili ya mali yako. Itolewe papo hapo, kwa simu ya jirani ikibidi. Omba akaunti ifungwe kwa muda na fedha zilizotoka zizuiliwe huko zilikokwenda. Taja saa, kiasi na namba ya muamala. Usifute ujumbe wowote, kwa kuwa ndio ushahidi wako. Ukiona malalamiko yako kwa benki hayakushughulikiwa, Benki Kuu ya Tanzania inapokea malalamiko ya wateja wa taasisi za fedha, na kwa watu wa Kanda ya Ziwa lipo tawi lake Mwanza.

Taarifa ya pili ni kwa namba 15040 ya TCRA, na hii ni kwa ajili ya mali ya mwenzako. Unautuma ule ujumbe wa kitapeli kwenda 15040, kisha unaulizwa namba iliyotumika, nawe unaiandika. Taarifa hii haikurudishii shilingi yako. Inaiweka namba ile mbele ya wenye mamlaka ya kuifungia, ili kesho isimpigie mama wa mtaa wa pili. Ni kuondoa udhia njiani, na sote tunajua Mtume (SAW) alilihesabu jambo hilo kuwa miongoni mwa matawi ya imani. Hata kama hukutapeliwa, ukipokea ujumbe wa namna hiyo ukacheka na kuufuta, umeliruka jiwe na kuliacha barabarani.

Taarifa ya tatu ni kwa polisi, na hii ni kwa ajili ya haki. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua udanganyifu unaofanywa kwa kompyuta na simu, na kujifanya mtu mwingine, kuwa ni makosa ya jinai. Ukifika kituoni utapewa namba ya taarifa, ile tunayoiita RB, na mara nyingi benki na mitandao huihitaji ili kuendelea na uchunguzi.

Wiki kadhaa baada ya msiba wetu, tulisimama baada ya swala ya Ijumaa na kuyaeleza haya yote hadharani, mzee akiwa amekaa safu ya mbele kwa hiari yake. Hazikupita siku nyingi, mama mmoja anayepika chakula mialoni akapigiwa simu na "benki", akiambiwa kwamba mkopo wa kikundi chake umepita. Naye akazisoma tarakimu. Lakini binti yake alikuwa amelisikia tangazo letu akiwa upande wa wanawake. Alimwona mama yake amebadilika uso, akauliza, akaambiwa. Akachukua simu ya mteja aliyekuwa akila ugali, akapiga 100, kisha akamkokota mama yake hadi benki na aproni ikiwa bado kiunoni. Kati ya shilingi 260,000 zilizoondoka, 180,000 zilizuiliwa na kurudishwa baada ya siku kadhaa.

Mama yule na mzee wetu walifanya kosa moja. Tofauti ilikuwa kwamba mama alikuwa na mtu wa kumwambia, na alimwambia.

Laini ya kuazima

Hatuwezi kuifunga mada bila kusema na vijana wetu. Fedha iliyoibwa kwa simu haielei hewani, hupita katika laini ya mtu. Tangu mwaka 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, hivyo tapeli hutafuta vidole vya wengine. Wapo vijana wanaoambiwa, "Niazime laini yako nipokelee fedha, nitakuachia elfu ishirini." Na wapo wazee wanaosajiliwa laini barabarani, wakiambiwa "weka kidole tena, haikusoma", kumbe ya pili inasajiliwa laini nyingine.

Kwa hili la pili, tiba ni kupiga *106# ili uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa, na usizozitambua uombe ziondolewe. Wafanyieni wazazi wenu jambo hili wikiendi hii, halichukui hata dakika mbili.

Kwa lile la kwanza, tiba ni kumcha Allah. Suratul Maida, aya ya 2, imekataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Kijana asiseme hakupiga simu wala hakudanganya mtu. Shilingi ya paa la msikiti ilipita katika laini ya mtu fulani, na huenda mtu huyo anaswali.

Papo hapo tutahadhari na dhana. Ripoti za TCRA zimetaja mara kwa mara mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Hilo lisitufanye tumdhanie vibaya kila mtu atokaye huko, nao ni ndugu zetu na wengi wao wametapeliwa kama sisi. Tulikwisha kumdhulumu kijana mmoja wa madrasa kwa dhana, na tulimwomba radhi. Funzo hilo linatutosha.

Nani alipe?

Swali lililotusumbua zaidi kamatini lilikuwa hili: je, mzee alipe? Katika fiqhi, mwenye kushika amana hadhaminishwi kilichopotea mikononi mwake ila akifanya uvukaji mipaka au uzembe. Wapo waumini waliosema kutaja namba ya siri ni uzembe ulio wazi. Wengine wakasema, anazembeaje katika jambo ambalo hakuna aliyemfundisha, naye ametendwa na mtu aliyekusudia kumhadaa? Hatukutoa fat-wa, wala hatukuwa na elimu ya kutosha kuitoa. Lakini tulipouhesabu uzembe tulikuta umegawanyika: ni wetu sote tulioiunganisha akaunti na simu moja, na ni wetu sisi waandishi tuliolibandika lile tangazo. Tukaamua wana kamati tuchange, na aliyeliandika tangazo akaanza. Mzee alikubali ng'ombe wake wasiuzwe, kwa sharti kwamba naye achange fungu sawa na letu. Wapo ambao hadi leo hawakuridhika na uamuzi huu, nasi tunawaheshimu.

Aliomba pia kujiuzulu. Tulikataa. Mtume (SAW) ametufundisha kwamba muumini hang'atwi mara mbili kutoka katika tundu moja, na katika kamati nzima hakuna anayelijua tundu hili kuliko yeye.

Sasa akaunti ya msikiti haitoi shilingi bila saini za watu watatu, na haikuunganishwa na simu ya mtu yeyote. Matangazo yetu yana namba ya akaunti na jina la msikiti tu, na kiasi kilichopatikana husomwa kwa mdomo baada ya swala. Tunaziomba kamati nyingine za misikiti, vikoba na vikundi vya akina mama vifanye hivyo hivyo kabla ya kupata msiba.

Na majumbani, jambo ni jepesi zaidi. Waambieni wazee wenu leo, wakati hakuna kilichotokea: "Baba, Mama, ukipigiwa simu ya namna hii, nipigie hata usiku wa manane. Na ukikosea, nipigie kwanza, hakuna atakayekulaumu." Kisha mlitimize neno hilo siku itakapofika. Tapeli anaitegemea hofu yetu kwa dakika saba, na anaitegemea aibu yetu kwa muda wote unaobaki. Mzee akijua kwamba mlango wa mwanawe uko wazi, atakuwa na pa kukimbilia kabla dakika hazijawa siku.

Mabati ya paa yamekwishawekwa upande mmoja. Upande wa pili bado, nasi tunaendelea kuchanga.

Tunamwomba Allah (SW) atuhifadhie mali zetu na heshima za wazee wetu, awaongoze vijana wetu katika riziki ya halali, na atujaalie kuwa wenye kutunza amana. Aamin. Wabillahi tawfiq.